Mawazo Yanayomtafuna Mtu: Mwongozo Kamili wa Kuyanasa, Kuyapima na Kuyafanyia Kazi

Saa tatu usiku, ujumbe wa mwenyekiti unaingia kwenye grupu la WhatsApp la kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana: "Wenye marejesho ya nyuma tujitahidi jamani, tusifikishane pa kutajana majina." Mama lishe mmoja wa Mbagala anausoma huku akichambua maharage ya kesho. Hajalipa marejesho ya wiki mbili, jumla elfu sitini. Hakuna jina lililotajwa, lakini kabla hajaiweka simu chini kichwa chake kimeshatoa hukumu: ananisema mimi, wameshanijadili pembeni, kesho mtaa mzima utajua, mimi ni mtu wa aibu tu tangu zamani. Usiku huo halali. Jumamosi haendi kikaoni, anasingizia mtoto anaumwa, na kwa kutokwenda anapigwa faini. Mhazini anapiga simu, hapokei. Ikifika wiki ya tatu, wenzake ambao hawakuwa hata na habari naye wanaanza kumjadili kweli.

Mama huyu nimemtunga. Tutakwenda naye muda wote, kwa sababu mambo ya kichwani hayaeleweki mpaka uyaone kwa mtu.

Tazama yalivyofuatana. Tukio lilikuwa ujumbe wa mstari mmoja. Likaja wazo, wazo likaleta aibu na woga, mwili ukaitikia kwa moyo kwenda mbio na usingizi kukata, kisha likaja tendo: kujificha. Na kule kujificha ndiko kulikozaa matokeo yaliyofanya wazo lionekane kuwa la kweli tangu mwanzo. Hapo ndipo ninapotaka macho yako yatulie. Fikra mbaya humharibia mtu afya ya akili hasa kupitia yale zinazomfanya ayaache: kikao, simu, ibada, mazoezi, marafiki. Ukibadilisha maneno kichwani bila kurudi kikaoni umefanya nusu ya kazi, tena ile nusu ndogo.

Kwanza ujue kinachotokea

Miaka ya 1960 huko Philadelphia, Marekani, daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck alikuwa akiwatibu watu wenye sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, kwa njia aliyofundishwa, ya kuwaacha wazungumze kwa muda mrefu. Akagundua kwamba chini ya maneno waliyomwambia kulikuwa na maneno mengine ya haraka haraka waliyokuwa wakijiambia wenyewe, kwa mfano kwamba wanamchosha daktari. Yalipita upesi kiasi kwamba wenyewe hawakuyatilia maanani, na bado ndiyo yaliyowabadilisha hali. Beck aliona kuwa kwa mtu mwenye sonona maneno hayo huelekea pande tatu: ubaya wake yeye mwenyewe, ubaya wa dunia inayomzunguka, na ubaya wa kesho yake. Kutokana na hayo ikajengeka tiba ya fikra na tabia, ambayo leo ni miongoni mwa tiba za mazungumzo zilizopimwa kwa majaribio mengi zaidi duniani.

Sisemi kwamba kila sonona huanzia kwenye mawazo. Kuna urithi wa ukoo, kuna misiba, kuna njaa, kuna maradhi ya mwili, kuna ndoa zenye vipigo. Lakini namna mtu anavyoibeba huzuni ina uzito wake. Susan Nolen-Hoeksema, mwanasaikolojia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa ameshawapima wanafunzi namna wanavyoitikia huzuni pale Oktoba 1989 tetemeko la ardhi la Loma Prieta lilipolipiga eneo lao la California. Aliwapima tena siku kumi baadaye na baada ya wiki saba. Waliokuwa na mazoea ya kuizungusha huzuni kichwani tangu kabla ya tetemeko ndio waliokuja kuwa na dalili nyingi zaidi za sonona. Ardhi iliwatikisa wote, ila tabia ya kuwaza ilikuwa na mkono wake katika nani atachelewa kuinuka.

Mwili nao haubaki nyuma. Wazo la hatari, hata kama hatari haipo, huamsha homoni za adrenalini na kortisoli, na zikiamshwa kila siku misuli hukaza, tumbo huvurugika, usingizi hukatika saa nane za usiku. Kwetu hapa wengi huanza kuuona ugonjwa wa mawazo mwilini: kichwa kizito, mwili kuwaka moto, ganzi, kifua kubana. Mtu anapimwa malaria na taifodi, hakionekani kitu, anapewa panadoli. Anarudi nyumbani na wazo jipya juu ya lile la zamani: nina ugonjwa mkubwa, hawauoni tu. Vipimo vifanyike, maana upungufu wa damu au tezi ya shingo huweza kuleta hali kama hiyo. Lakini vikitoka safi mara mbili tatu, swali la usingizi na mawazo liulizwe, na kama daktari haulizi, lianzishe wewe.

Mambo mawili ya kuacha kabla hujaanza

La kwanza ni kujilazimisha usiwaze. "Achana nayo, usiwaze" ndiyo dawa inayogawiwa bure kila kona, na haifanyi kazi. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake kule Texas waliwaomba watu wasiwaze dubu mweupe, na wapige kengele kila anapowajia. Kengele zililia. Kilichowashangaza zaidi ni kwamba walipokuja kuruhusiwa kumuwaza, wale waliokuwa wamejizuia walimuwaza kuliko walioruhusiwa tangu mwanzo. Wazo linalofukuzwa hurudi.

La pili litawaudhi baadhi ya wahamasishaji, lakini ngoja niseme. Kusimama mbele ya kioo kila asubuhi na kujiambia "mimi ni mshindi, napendwa na wote" humsaidia aliye mzima. Joanne Wood na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walilipima jambo hili mwaka 2009: watu wanaojidharau walipojirudia sentensi ya kujisifu walijisikia vibaya zaidi. Ni jambo linaloeleweka. Ukimwambia mtu mwenye deni la elfu sitini kwamba yeye ni tajiri, kichwa chake kinamjibu kwa kumkumbusha deni. Tunakoelekea ni kwenye wazo la haki, ambalo mtu anaweza kulitamka na akaliamini.

Hatua ya kwanza: linase wazo likiwa bado bichi

Usikae kusubiri wazo. Subiri mabadiliko ya hali. Moyo umeshuka ghafla, hasira imepanda, tumbo limesokota, umeanza kutafuta kisingizio cha kutokwenda mahali: hapo hapo jiulize, "Nimejiambia nini sasa hivi?" Jibu liandike kama lilivyokuja, kwa lugha ile ile ya kichwani, hata kama ni Kiswahili cha mtaani au kilugha cha nyumbani. Ukilisafisha ukaandika "nilijihisi vibaya kuhusu masuala ya fedha", umelipoteza. Wazo halisi ni "watanicheka".

Daftari dogo la mia tano linatosha. Kama nyumba haina siri, tumia simu, sehemu ya kuandikia yenye nywila. Andika mambo matano tu. Ya mama yetu yangekuwa hivi:

Tukio: ujumbe wa mwenyekiti, saa tatu usiku, niko jikoni peke yangu.
Nilichojiambia: ananisema mimi, wameshanijadili, mtaa mzima utajua, mimi mtu wa aibu.
Hisia na ukali wake, kuanzia 0 hadi 100: aibu 90, woga 80.
Mwili: moyo mbio, koo kukauka.
Nilichofanya: nimezima data, sikulala, nimeamua nisiende Jumamosi.

Mstari wa mwisho ndio watu huuruka, na ndio wenye faida kuliko yote. Fanya hivi kwa wiki moja bila kujaribu kurekebisha chochote. Watu wengi hushtuka kuona kwamba wanachokiona kama mawazo mia ni matatu au manne yanayojirudia yakibadilisha nguo tu.

Hatua ya pili: litambue ni la namna gani

Fikra zinazoumiza zina mitindo yake, na ukishaizoea utaicheka kidogo, jambo ambalo peke yake hupunguza makali. Mama yetu katika sekunde chache alifanya mitatu. "Ananisema mimi, wameshanijadili" ni kusoma mioyo ya watu: anajua kilicho vichwani mwa wenzake bila kuuliza hata mmoja. "Mtaa mzima utajua" ni kupiga ramli ya mabaya. "Mimi mtu wa aibu" ni kujibandika jina, kuchukua jambo moja alilofanya, kuchelewa kulipa, na kuligeuza kuwa yeye mzima.

Mingine utaikuta kwako. Kuna yote au basi: mwanafunzi anapata B katika masomo sita na C moja, anasema amefeli. Kuna maneno "kila siku", "siku zote", "hakuna hata mmoja", ambayo ukiyaona kwenye daftari yapigie mstari, maana ni nadra kuwa kweli. Kuna kuchuja: sahani arobaini zimeliwa zikaisha, mteja mmoja akasema maharage yamezidi chumvi, na jioni anayekumbukwa ni huyo mmoja. Kuna kujibebesha lawama ya kila kitu, kuanzia mtoto kufeli hadi mvua kuharibu sherehe. Na kuna "ilibidi niwe": ilibidi kufikia umri huu niwe nimejenga, niwe nimeoa, niwe nawalipia wazazi bima. Huu wa mwisho mitandao imeunenepesha, kwa sababu mtu anapima maisha yake yote kwa picha za siku moja ya mwenzake.

Ila mtindo ninaouona kuwa hatari kuliko yote ni kuifanya hisia kuwa ushahidi. Naona aibu, kwa hiyo nimefanya la aibu. Naogopa, kwa hiyo kuna hatari. Sina hamu, kwa hiyo jambo halina maana. Mtu aliyenaswa hapa humwambii kitu, kwa sababu ushahidi anaubeba kifuani na anausikia kabisa. Mama yetu hakuwa na habari yoyote kwamba amejadiliwa, alikuwa na joto usoni tu, na joto lile likamtosha kuwahukumu watu ishirini na kitu.

Hatua ya tatu: lipime

Chagua wazo moja, lile lenye alama kubwa, na ulipime siku ya pili ukiwa umetulia. Saa tatu usiku si wakati wake. Kunja ukurasa katikati, upande mmoja andika yanayolithibitisha, upande wa pili yanayolipinga. Sharti moja: kinachoandikwa kiwe kitu ambacho kamera ingeweza kukirekodi. "Wananichukia" haiingii. "Jana mhazini alikula kwangu na akaniagizia chapati za watoto" inaingia.

Wazo la mama yetu lilikuwa "wameshanijadili na wananiona mtu wa aibu". Upande wa kuthibitisha ana mambo mawili: kweli anadaiwa wiki mbili, na ujumbe umekuja katika wiki hizo hizo. Upande wa kupinga anakaa muda mrefu bila kitu, jambo la kawaida, kichwa chenye woga hakikumbuki mema upesi. Kisha anarudi juu kwenye grupu na kukuta mwenyekiti hutuma ujumbe wa namna hiyo karibu kila mwisho wa mwezi. Mwezi uliopita aliusoma ule ule na hakuhisi chochote, maana hakuwa anadaiwa. Anakumbuka wanachama wengine wawili wenye marejesho ya nyuma. Anakumbuka chapati za mhazini. Na anakumbuka kwamba mwaka jana mwanachama mmoja alikwama miezi miwili baada ya kufiwa, kikundi kikampangia upya, na yeye mwenyewe alinyoosha mkono kuunga.

Sasa ajiulize swali ninaloliona kuwa na nguvu kuliko mengine: jirani yangu angekuja na habari hii hii, ningemwambia nini? Ningemwambia "kweli shoga yangu, wewe ni mtu wa aibu"? Hata kidogo. Angesema, "Kaa na mhazini uongee naye."

Kisha anaandika wazo jipya: "Nina deni la elfu sitini na nimechelewa. Ujumbe unaweza kuwa unanihusu mimi na wengine. Sijui kama nimejadiliwa. Ninachojua ni kwamba sijaongea na mhazini." Ona kwamba halina sukari. Deni limebaki, kuchelewa kumebaki. Kilichoondoka ni ramli na jina baya. Apime tena: aibu 55, woga 40. Usitegemee sifuri. Kushuka kwa alama ishirini au thelathini kunatosha kumtoa mtu kitandani.

Hatua ya nne: wazo likiwa la kweli, acha kulipima, tatua tatizo

Hapa miongozo mingi huwaangusha watu wa kwetu. Si kila wazo baya ni upotofu wa fikra. Kodi ya nyumba imefika kweli. Mume kweli ana nyumba nyingine. Kazi imeisha kweli. Kumwambia mtu wa namna hiyo "badili mtazamo" ni dharau.

Jibu zuri limetoka Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, katika nchi iliyokuwa na madaktari wa fani yake wa kuhesabika, alianza na bibi 14 wa Mbare, kitongoji cha Harare. Aliwafundisha kukaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki na kumwongoza kutatua matatizo, hasa watu wenye hali ambayo Washona huiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye watu 573, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopata huduma ya benchi walikuwa na dalili chache sana kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo ukaja kuvuka hadi Malawi na Zanzibar.

Njia ya benchi ni rahisi kuieleza. Taja matatizo yote, yaandikwe. Chagua moja, lile unaloweza kulisogeza, hata kama si kubwa kuliko yote. Orodhesha njia za kulitatua bila kuzihukumu, hata za kipuuzi. Chagua moja, kisha sema lini, wapi, na nani, na utaanza na neno gani.

Mama yetu anaandika njia nne: kujitoa kikundini, kukopa kwa watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, ili afute deni mara moja, kuuza friji, kupanga upya na mhazini. Ya pili ilikuwa inamvuta, kwa sababu ingeondoa aibu kesho yake. Ikiwa mbele yake kwenye karatasi, pamoja na riba yake, anaiona ilivyo. Anachagua ya nne: kesho saa nne asubuhi, wateja wa chai wakipungua. Na maneno anayaandika: "Mhazini, habari za asubuhi. Najua nina elfu sitini za nyuma, samahani kwa kutosema mapema. Naomba kuanzia wiki hii nilete marejesho ya kawaida pamoja na elfu kumi na tano za nyuma, wiki nne nitakuwa nimemaliza."

Tahadhari moja. Kama tatizo la kweli ni kupigwa au kutishiwa maisha, usikae kupima mawazo yako. Woga wako uko sahihi. Tafuta usalama kwanza: ndugu, dawati la jinsia la polisi, hospitali. Daftari litasubiri.

Hatua ya tano: tenda kabla hamu haijaja

Mtu mwenye sonona husubiri ajisikie vizuri ndipo atoke. Mambo huenda kinyume chake: hutoka kwanza, hamu humkuta njiani, na siku nyingine haimkuti ila ametoka. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliichambua tiba ya fikra na tabia vipande vipande, wakakuta kwamba wagonjwa waliopewa kile kipande cha kupanga na kutenda peke yake walipata nafuu sawa na waliopewa tiba nzima. Ndiyo maana naisisitiza hatua hii kuliko ya tatu, ingawa ya tatu ndiyo inayopendwa na wasomi.

Anza na kitu kidogo kiasi cha kuonea haya. Kuoga kabla ya saa mbili. Kutembea mpaka msikitini au kanisani na kurudi. Kumpigia mtu mmoja simu, si kumtumia ujumbe. Weka saa. Mambo ya wiki yachanganye: yale yanayokupa raha, na yale yanayokupa hisia kwamba umefanya kitu, kama kufua au kupanga stoo.

Kisha fanya majaribio juu ya ramli zako. Kabla ya kikao cha Jumamosi inayofuata ile aliyoikwepa, mama yetu anaandika: "Natabiri hakuna atakayenisalimia, na mwenyekiti atanisimamisha mbele za watu." Anakwenda. Jioni anaandika kilichotokea: wanne walimsalimia, mmoja alimuuliza kama mtoto amepona (hapo aibu ya kusema uongo ikamchoma, na ilistahili), mhazini alisoma mpango wake wa malipo kwa nusu dakika, wakahamia kwenye hisa. Wawili walinong'onezana, hakujua wanasema nini. Andika na hayo ya mashaka. Baada ya majaribio matano au sita utakuwa na rekodi ya ramli zako, na utajua zinapatia mara ngapi.

Hatua ya sita: mawazo yanayozunguka usiku

Kuna kuwaza na kuna kuzunguka. Kipimo chake ni hiki: umewaza nusu saa, je, kuna uamuzi au hatua iliyopatikana? Kama hakuna, na maswali yako yanaanza na "kwa nini mimi", unazunguka. Badilisha swali liwe "sasa nifanye nini, na lini". Kama halina jibu usiku huu, liahirishe.

Kuahirisha kuna ufundi wake. Thomas Borkovec na wenzake mwaka 1983 walijaribu kuwapa watu wenye wasiwasi nusu saa maalumu ya kuwaza kila siku, wakati ule ule na mahali pale pale, na wasiwasi wao ukapungua. Chagua saa kumi na moja jioni, kwenye kiti, mbali na kitanda. Wazo likikujia usiku, liandike kwa maneno matatu kwenye karatasi na ulipangie miadi ya kesho jioni. Miadi ikifika, kaa nalo kweli. Mara nyingi utalikuta limepoa. Ukiwa kitandani macho makavu kwa zaidi ya dakika ishirini hivi, inuka, kaa sehemu yenye mwanga hafifu, rudi usingizi ukija. Simu ibaki chumba kingine, au angalau mbali na mkono. Pombe na mirungi ni wakopeshaji wa kausha damu wa usingizi, siyasemi zaidi.

Kuna aina ya wazo ambayo hatua hizi haziifai. Mama aliyejifungua karibuni anaona picha ya yeye mwenyewe akimwangusha mtoto, anatetemeka. Mtu anarudia udhu mara kumi na bado wasiwasi unamwambia haujakamilika. Mwingine anajiwa na matusi juu ya Mungu katikati ya sala, na anajiona amelaaniwa. Mawazo haya ya kuvamia huwatisha watu kwa sababu yako kinyume na wanachokitaka. Si dalili ya uovu wala upungufu wa imani. Kuyapima kwa ushahidi huyalisha, kwa sababu mtu huanza kutafuta uhakika usiopatikana. Yaache yapite bila kujibishana nayo, endelea na ulichokuwa unafanya, na yakikuzuia kuishi nenda kwa mtaalamu, kwani yana tiba yake. Lakini mzazi huyo akianza kusikia sauti zinazomwamuru, au kuamini mambo yasiyokuwepo, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Wewe unayeishi naye

Usimwambie "wenzako wana shida kubwa kuliko zako". Usimwambie "omba tu". Aombe, na pia umsindikize. Kitu kimoja hujificha katika upendo: marafiki wawili kukaa kila jioni kuyarudia machungu yale yale. Wanapendana kweli, na wote wawili wanazidi kuzama. Msikilize mpaka amalize, kisha muulize, "Kesho tuanze na lipi?" na ukiweza, nenda naye.

Ukihofia kwamba anafikiria kujiua, muulize waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo, humpa nafasi ya kulitua. Akikubali, msimwache peke yake, ondoeni nyumbani dawa za kilimo, sumu ya panya na vidonge vya akiba, na nendeni hospitali. Kwa miaka mingi hofu ya polisi imewafungisha watu midomo. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka katiba. Popote ulipo, mbele ya daktari sema ukweli wote.

Wakati wa kwenda hospitali

Kama huzuni au kukosa hamu kumekaa siku nyingi kati ya 14 zilizopita, pamoja na usingizi kuvurugika, kula kubadilika, kuchoka, kushindwa kutulia kwenye jambo moja, au kujiona hufai, usingoje umalize hatua hizi. Dodoso la maswali tisa linalotumika sana kupima sonona, PHQ-9, huuliza habari za wiki hizo mbili, na lipo kwa Kiswahili. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ukihitaji zaidi watakuandikia rufaa. Tanzania kuna Mirembe kule Dodoma, Muhimbili ina kitengo cha afya ya akili, na Unguja kuna Kidongo Chekundu. Kenya kuna Mathari jijini Nairobi, Uganda kuna Butabika, Kampala. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, kwa hiyo usiziache wiki ya kwanza kwa kuona hazifanyi kitu, na usizikatishe ghafla ukipata nafuu bila kuongea na aliyekuandikia.

Siku ya kwenda, beba daftari. Foleni ni ndefu na daktari ana dakika chache, kwa hiyo usianze na kichwa kuuma. Anza hivi: "Nina wiki tano silali vizuri, nawaza jambo moja muda wote, nimeacha kwenda kwenye kikundi na kazi inanishinda. Nimeandika hapa." Mpe ukurasa wenye yale mambo matano. Kama unatumia dawa nyingine yoyote, za presha, za kisukari, ARV, uzazi wa mpango au mitishamba, zitaje zote kabla hajaandika chochote, na usiondoke bila tarehe ya kurudi.